Upepo Asioujua Mjomba Sefania

"Anayefuata mgongo hajui upepo." Hayo ndiyo mwenyekiti wa mtaro wa maji aliyomjibu Eliamani leo mchana mbele ya watu, na Eliamani akarudi nyumbani amenuna. Sasa mnanizunguka na mahindi yenu ya kupukuchua, mnaniuliza mgongo wa nani na upepo gani. Haya, pukuchueni huku mkisikiliza. Methali hiyo ilianza hivi, na msidhani ilianza kwa hekima. Ilianza kwa hasira.

Palikuwa na kijana akiitwa Mbonea, fundi baiskeli wa pale stesheni, huku chini tambarare. Alimpenda Nakundwa, binti wa Mzee Kilave wa Kwamndea, kijiji kilicholala miguuni pa milima ya Upare. Walifahamiana kwa sababu ya cheni. Kila siku ya soko Nakundwa aliteremka na baiskeli ya baba yake, mikungu ya ndizi imefungwa nyuma, na siku moja cheni ikamkatikia mbele ya kibanda cha Mbonea. Cheni ile ilitengenezwa kwa muda mrefu kuliko cheni yoyote iliyowahi kukatika pale stesheni.

Mambo yakaiva. Mzee Kilave akatuma neno kwamba yuko tayari kusikiliza posa Jumamosi, saa tisa alasiri. Siku hiyo kaka yake mkubwa angeshuka kutoka milimani, na bila yeye hakuna binti wa ukoo ule aliyeozwa. Huyo kaka mtu alikuwa mzee, asingelala bondeni, na Jumapili baada ya ibada kulikuwa na watu wengine wanakuja na posa yao kwa binti huyo huyo. "Wakichelewa," alisema Mzee Kilave, "nitajua hawana haja."

Sasa, kijana hajiposei mwenyewe. Hata awe na ulimi wa asali, akifika ukweni akajisemea, watamwona hana watu. Lazima awepo mshenga, na katika ukoo wa Mbonea mwenye mdomo wa kazi hiyo alikuwa mmoja tu, mjomba wake Sefania, aliyewahi kuwa karani wa baraza. Mjomba Sefania aliweza kusimama kusema asubuhi, ugali ukaiva, ukapoa, naye bado yuko kwenye utangulizi. Mdomo alikuwa nao. Shida ni kwamba mdomo wenyewe haukujua kupumzika.

Basi la Kwamndea lilipita siku ya soko tu, kwa hiyo safari ilikuwa ya baiskeli. Mbonea akaazima ya pili, akaipaka grisi, akajaza pumzi, akamwambia mjomba waondoke alfajiri kabla upepo haujaamka. Maana upepo wa tambarare ile mnaujua. Asubuhi umelala, jua likipanda unaamka, na kwa anayekwenda milimani unampiga kifuani njia nzima.

Alfajiri Mbonea alisimama mlangoni kwa mjomba. Mjomba alikuwa ananyoa ndevu. Alipomaliza kunyoa akataka chai. Baada ya chai akapaka viatu rangi, akavua, akavipaka tena. Mbonea alipokohoa kidogo, mjomba akamkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Kijana alikuwa na jibu lake mdomoni, la chelewa chelewa utakuta mwana si wako, lakini alilimeza. Utamgombeza vipi mtu ambaye ulimi wake ndio unaokwenda kukuombea mke?

Akamwomba basi akae kwenye karia, ambebe, watafika upesi. Mjomba akasema mshenga habebwi kama mkungu wa ndizi. Akavaa koti lake jeusi, akakandamiza kofia ya pama kichwani, akapanda baiskeli ya kuazima. Blanketi la mama mkwe na sukari vilifungwa kwenye baiskeli ya Mbonea, maana koti la mjomba lisingeweza kukaa karibu na mizigo.

Walipoyapita mashamba ya mkonge upepo ulikuwa umeamka kweli kweli. Njia ilikuwa nyembamba kama ufito katikati ya miiba, haina nafasi ya watu wawili sambamba. Mbonea akatangulia. Mjomba akamfuata, tairi lake la mbele karibu liguse la nyuma la mwenzake. Kijana aliinama juu ya usukani mpaka kidevu kikakaribia kengele, akakanyaga pedali kama mtu anayepanda ngazi isiyokwisha. Vumbi likamjaa machoni. Akisimama kwenye pedali, upepo ulimrudisha kitini.

Nyuma yake mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mjomba Sefania aliona baiskeli inateleza yenyewe. Akikanyaga mara moja, inakwenda. Akipumzika, bado inakwenda. Basi akajua ni nguvu zake. Na mtu akishajua ana nguvu, anaanza kuona udhaifu wa wengine.

Akaanza na mwendo, akauliza kama wanakwenda kuposa au kuzika. Akaja kwenye magoti ya Mbonea, akasema yamekaa vibaya, akanyage kwa kisigino. Kisha akawageukia vijana wote wa siku hizi, chakula chao na malezi yao, akaeleza namna yeye alivyokuwa akipeleka barua za baraza milimani na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mwiba ulipotoboa tairi la mbele, Mbonea alipiga magoti kwenye mchanga kubandika kiraka, na mjomba akasimama pembeni, mikono nyuma, akimwelekeza fundi baiskeli jinsi ya kubandika kiraka. Yote hayo Mbonea aliyavumilia. Kichwani alikuwa na jambo moja, kaka yake Mzee Kilave akishika fimbo yake na kuanza kupanda mlima.

Jua likapinduka. Milima bado ilionekana mbali. Hapo ndipo mjomba akasema neno la kufunga hesabu.

"Mbonea, mimi hapa nakanyaga kwa mguu mmoja. Nikiulizwa ukweni, sitaficha. Nitasema mpwa wangu ni mlegevu."

Mbonea akafunga breki. Akashuka, akaivuta baiskeli miibani.

"Mjomba, kuna upepo," alisema.

"Upepo gani? Mimi mbona siusikii?"

"Basi pita mbele."

Mjomba akapita, tena kwa madaha, akipiga kengele. Hakufika mbali. Upepo ulianza na kofia ya pama, ukaivua na kuirusha miibani. Ukaingia ndani ya koti, likajaa kama gunia. Usukani ukayumba. Mjomba akakanyaga kwa miguu yote miwili, akasimama kwenye pedali, akafungua mdomo apate pumzi, na mdomo ukajaa vumbi. Baiskeli ikapungua mwendo, ikasimama, ikamlaza kando ya njia taratibu, kama inamhurumia.

Mbonea akaenda kuichomoa kofia miibani. Aliporudi, mjomba alikuwa amekaa chini, anahema, viatu vyake havina rangi tena.

"Upepo huu umeanza saa hizi?" aliuliza mjomba.

"Ulikuwepo tangu kwenye mkonge. Ulikuwa unanipiga mimi. Wewe ulikuwa nyuma ya mgongo wangu."

Mjomba akamtazama. Shati la kijana lilikuwa limelowa jasho, likakauka, likalowa tena, limebaki na michirizi ya chumvi. Mgongo huo alikuwa ameutazama tangu asubuhi, na hakuuona.

"Niache hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Nenda, utawahi."

"Nitawahi nikaseme nini? Najiposea?" Hasira ya Mbonea ilitoka yote sasa. "Umeninyima alfajiri, umenitukana njia nzima, sasa unataka kuninyima na mshenga? Simama, mjomba. Kaa nyuma yangu, karibu, na leo nikuombe kitu kimoja tu. Nyamaza."

Mpwa hasemi hivyo kwa mjomba wake. Lakini mjomba aliinuka, akapanda baiskeli, akanyamaza. Mbonea akakanyaga na hasira yake yote, na hasira ya kweli, wajukuu zangu, ina nguvu kuliko uji. Vilimani upepo ulikatika, mwinuko ukaanza, wakashuka na kusukuma baiskeli. Mjomba aliposhindwa, kijana akasukuma zote mbili, moja mkono huu na nyingine mkono ule.

Walipoingia uwanjani kwa Mzee Kilave, yule kaka mtu alikuwa amesimama na fimbo mkononi, anaaga. Alitazama koti lililojaa vumbi, akatazama milimani, akaketi tena, lakini fimbo hakuiweka chini.

"Semeni upesi," alisema. "Kijana wenu ana nini?"

Mjomba Sefania akasimama. Alikuwa amekuja na hotuba ndefu. Kulikuwa na babu mzaa babu ndani yake, baraza, na methali nyingi za kuazima. Akafungua mdomo, sauti ikakataa. Vumbi lilikuwa limemkaba koo. Akaletewa maji, akanywa, akajaribu tena, na katika yote aliyoyapanga halikubaki hata moja. Mbonea alifumba macho. Safari yote ile, na mdomo wenyewe umekufa mlangoni.

Ndipo mjomba akasema, kwa sauti ndogo ya mtu aliyechoka, "Wazee wangu, anayefuata mgongo hajui upepo. Mimi nimekuja nyuma ya mgongo wa huyu nikimwita mlegevu. Kisha nikakaa mbele. Sina la kuongeza."

Mzee mwenye fimbo akailaza chini, akaagiza binti aitwe.

Nakundwa alisikiliza, akamtazama Mbonea na shati lake la chumvi. "Upepo huo naujua," alisema. "Narudi nao kifuani kila siku ya soko, peke yangu. Simkatai. Ila sitakaa nyuma siku zote. Tutapokezana."

Jumapili wale wengine walipokuja, walikunywa chai wakarudi. Na Mbonea na mjomba waliporudi stesheni, upepo ukiwasukuma mgongoni, mjomba alianza tena kusifia miguu yake. Mbonea akamtazama tu, na mjomba akajikumbuka.

Sasa wewe, Eliamani. Mwenyekiti yule amegombana na wenye mashamba kwa ajili ya mtaro, ametukanwa na wa juu na wa chini, amechimba mwamba kwa sururu. Wewe umekuja leo na mikono laini, mtaro umeshapasuliwa, ukamwuliza mbele ya watu kwa nini maji yanakwenda polepole. Kesho beba jembe, ukaombe kukaa mbele, pale penye mwamba uliobaki. Jioni uje unieleze kama bado umenuna, au umekwisha kuelewa kwamba anayefuata mgongo hajui upepo.