Mikeka ya Ua wa Mwisho

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Watoto sogeeni mbele. Na nyinyi wakubwa msijifanye mmekuja kuwasindikiza watoto. Kaeni. Ngano hii ni yenu pia.

Hapo zamani za kale, Twiga alikuwa na sauti. Tena sauti nzuri kuliko zote mbugani. Chiriku akiisikia alinyamaza. Vijito navyo vilipunguza mwendo, au ndivyo walivyosema waliokuwapo. Na kwa kuwa shingo yake ilikuwa ndefu, akiona mbali kuliko wote, wanyama walimpa kazi ya kutangaza mbio.

Mbio gani? Mbio za pundamilia.

Zilianza vizuri mbio hizo, kama mambo mengi yanavyoanza. Mwaka mmoja kiangazi kilikaza. Pundamilia mmoja akaruka vichaka vya miiba, hiki, na hiki, na hiki, akaenda akaona maji, akarudi akawaambia wenzake. Wakanywa. Wakapona. Wakasema, tumkumbuke huyu. Basi kila mvua za vuli zikiisha walilaza tawi la mgunga chini, na vijana wa pundamilia wakaliruka. Lilikuwa chini sana tawi hilo. Hata Ngiri aliliruka, na tumbo lake lile.

Mwaka uliofuata mmoja akasema, "Mbona tawi fupi?" Wakaongeza la pili. Mwaka uliofuata wakaongeza jingine. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini aliyeketi huchoka upesi kuliko anayekimbia, akataka kitu kipya. Matawi yakawa ua. Ua ukawa nyua. Na ua wa mwisho, ule uliokuwa mbele ya mteremko walipoketi watazamaji, ukawa mrefu kuliko zote, maana hapo ndipo kila jicho lilipofika.

Ua ukiwa mrefu, yuko atakayeanguka.

Alipoanguka wa kwanza, pu, watoto walilia na sikukuu ikaharibika. Mzee Nyati ndiye aliyekuwa mkuu wa sikukuu. Pembe zake nzito, lakini moyo wake laini. Kilio cha mtoto kilimnyima usingizi. Akawaza, akawaza. Kisha akaagiza mikeka. Kila ukoo ulete ukindu. Tumbili wasuke ukili, washone mikeka mirefu. Akianguka mkimbiaji, tumbili watakimbia na mikeka, watamzungushia. Ngoma zitapigwa kwa nguvu. Na Twiga atasema neno.

Neno lenyewe lilikuwa hili: "Amechoka. Anapumzika. Mbio zinaendelea."

Na watazamaji wakajibu: "Apumzike." Kisha wakatazama mbele.

Ilisemwa kwamba wanaoanguka hupelekwa ng'ambo ya kilima, kwenye malisho ya waliochoka. Majani huko yanafika kifuani. Maji hayakauki. Hakuna aliyekwenda kuyaona malisho hayo. Ng'ambo ya kilima alikaa Fisi.

Lakini mkeka, hata uwe mrefu vipi, haufiki kwenye macho ya twiga.

Twiga aliona. Kila mwaka aliona. Na kila mwaka alisema neno lile kwa sauti ile nzuri, na watoto wakatulia. Alijiambia, "Nikisema nilichoona, kitafaa nini? Aliyekufa hafufuki. Nitawatia wengine huzuni bure." Hayo si maneno ya mwovu. Ni maneno ya mwenye huruma aliyechoka.

Sasa, palikuwa na pundamilia mmoja, binti, jina lake Marembo. Huyu alipenda kuruka. Msije mkasema hakupenda, alipenda. Tangu miguu yake ilipokauka baada ya kuzaliwa alikuwa akiruka vichuguu peke yake, huyoo, bila ngoma, bila mtazamaji. Kilichokuwa kirefu alikizunguka. Aliyemfundisha ni kaka yake, Radi. Na Radi, kwenye sikukuu iliyopita, aliruka ua wa mwisho akaanguka. Mikeka ikazungushwa. Amechoka. Anapumzika. Mbio zinaendelea.

Marembo akangoja kaka yake amalize kupumzika. Masika yakaja, yakapita. Vuli ikaja, ikapita. Kaka hakurudi.

Asubuhi ya sikukuu Marembo akamwendea Twiga, akamkuta anakula majani ya mgunga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Miguu inasemaje leo?"

"Miguu haina neno. Neno liko moyoni. Bibi, wewe unaona mbali. Kaka Radi yuko kule malishoni?"

Twiga akatafuna. Jani likawa gumu mdomoni.

"Anapumzika, mjukuu wangu."

"Mapumziko gani haya ya mwaka mzima? Hata Kiboko huamka."

"Alichoka sana."

Marembo akasogea karibu. "Sikiliza, Bibi. Mama hataki nikimbie. Anasema ua umepandishwa tena. Lakini mshindi huulizwa haja yake, na haja yangu ni kwenda ng'ambo ya kilima nikamwone kaka. Kama yupo, nitakimbia. Kama hayupo, niambie tu. Nitabaki na mama. Sitalia mbele yako."

Mnasikia? Njia zilikuwa mbili, na anayejua ya kupita alikuwa mmoja.

Twiga akatazama mbali, kule anakotazama asiyetaka kutazama karibu.

"Yupo," akasema.

Marembo akafurahi. Akaruka kichuguu kilichokuwa hapo, huyoo, akaenda zake.

Jua likapanda. Mteremko ukajaa. Ngoma zikaanza, ndu, ndu, ndu. Kanga na Ngiri wakaketi pamoja, kama desturi yao, kwa sababu hakuna mwingine aliyewavumilia.

"Sogea basi," Ngiri akasema. "Mwaka jana nilikaa nyuma ya Kiboko. Nilisikia mbio, sikuona mbio."

"Ukikaa nyuma ya Kiboko umekaa nyuma ya kilima, kosa la nani? Tazama kule. Huyo ndiye Marembo. Mwone anavyorusha kichwa. Amezaliwa kuruka huyu."

"Wanasema. Hata mimi nimezaliwa kukimbia, lakini sipendi kukimbizwa."

"Wewe umezaliwa kula. Tulia, zinaanza."

Na zikaanza. Kwata, kwata, kwata, kwata. Vumbi likainuka. Mteremko mzima ukaimba:

*Ruka, ruka, tukuone,*
*juu, juu, tukuone.*

Na sauti ya Twiga ikatiririka juu ya vichwa vyao. "Wanakuja, wanakuja, vumbi limebaki nyuma kuwauliza majina. Marembo yuko mbele. Ua wa kwanza, huyoo. Ua wa mtoni, huyoo. Wenzake wanamfuata, hawampati, wanamfuata, hawampati."

*Juu, juu, tukuone.*

Marembo alikuwa anacheka. Aliyekuwa karibu na njia aliona meno yake. Kwata, kwata, kwata. Akaufikia ua wa mwisho. Akajikusanya. Akaruka.

Kwato za mbele zikapita. Kifua kikapita. Tumbo likapita. Kwato za nyuma zikanasa miibani.

Pu.

Halafu mlio mwingine, mdogo, kama kuni kavu inayovunjwa gotini. Kacha.

Tumbili wakakimbia na mikeka. Hawakuhitaji kuambiwa. Mmoja huku, mmoja kule, wakazungusha, wakakaza. Ngoma zikapanda, ndu ndu ndu ndu. Mteremko ukatulia kungoja neno, ili uweze kutazama mbele.

Twiga akafungua kinywa.

Aliyezungushiwa mikeka haoni kushoto wala kulia. Anaona juu tu. Na juu, Marembo aliuona uso wa Twiga. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umelala upande usio wake. Hakupiga kelele. Aliuliza polepole, kama aliyekumbuka jambo.

"Bibi. Kaka naye alitazama juu hivi?"

Neno likamkwama Twiga.

Wapiga ngoma wakangoja. Wakapiga tena kidogo, wakangoja. Mkono mmoja ukasimama, mwingine ukasimama. Mbuga ikanyamaza jii. Na katika kimya hicho wote wakasikia, kwa mara ya kwanza, kinachosikika nyuma ya mikeka ngoma zisipopigwa. Ilikuwa pumzi. Hhh. Hhh. Inapanda, inakwama, inashuka.

"Bibi Twiga," Mzee Nyati akaita, "sema neno. Watoto wanangoja."

"Shusheni mikeka," Twiga akasema.

"Haiwezekani. Kuna watoto hapa."

"Na huyu ni mtoto wa nani?"

Tumbili wakamtazama Nyati. Nyati akatazama kwato zake. Mikono ya tumbili ikalegea yenyewe, na mikeka ikashuka.

Wakaona.

Hapo hapo, akiteremka kutoka kilimani kwa mwendo wake wa kuchechemea, akatokea Fisi. Hakuna siku ambayo Fisi alipokelewa kwa hamu kama siku hiyo. Kila mmoja alikuwa anatafuta wa kumchukia, na huyo amekuja mwenyewe.

"Mlafi wewe," Kanga akapaza sauti. "Tazameni, damu haijakauka, yeye kafika."

"Mwuaji," wakasema wengine. "Mfukuzeni."

Fisi akaketi chini. "Nitukaneni, nimezoea. Ninakula mnachoniletea. Lakini mimi sijaongeza tawi hata moja kwenye ua huu." Akamgeukia tumbili mmoja aliyekuwa bado ameshika pindo la mkeka. "Mjomba, mikeka hii ni mizuri. Mlianza kuisuka lini?"

"Tangu mwezi ulipoandama," tumbili akajibu.

"Na Marembo ameanguka lini?"

Tumbili akauachia mkeka. "Sasa hivi."

Fisi hakucheka, naye hucheka kwa mambo madogo. Akamtazama Marembo, akageuka, akapanda kilima chake na njaa yake.

Ngiri akakumbuka ukindu alioleta yeye. Aliuchagua ule mrefu, usio na madoa, akasifiwa. Kiboko akakumbuka wake. Kanga akaingiza kichwa chini ya bawa. Hakuna aliyetaka kumtazama jirani, kwa sababu jirani alikuwa anajua. Na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuondoka.

"Nilidhani nawakinga watoto," Mzee Nyati akasema. Alisema kweli.

Mama yake Marembo akapita katikati yao. Walimpisha njia pana, pana kupita kiasi, kama wanaoogopa kuguswa. Akalala chini kando ya mwanawe, akamwekea shingo yake chini ya kichwa.

Ndipo Twiga akaja. Akatanua miguu ya mbele, huku na huku, akainama, akainama, mpaka mdomo wake ukafika kwenye sikio la Marembo. Akasema kwa sauti ndogo, lakini mbuga ilikuwa kimya na wote walisikia.

"Radi alikufa hapa, mjukuu wangu. Alitazama juu. Aliniona. Nikasema anapumzika. Na asubuhi uliponiuliza, nilijua."

Marembo akamtazama. Hakuwa na hasira machoni, na hilo ndilo ambalo Twiga hakuliweza.

"Ungeniambia asubuhi, Bibi."

Basi. Mama yake akamlamba uso, na jua likasogea, na wote wakabaki pale, bila ngoma, bila mkeka, mpaka pumzi ikaacha kupanda.

Jioni hiyo walibomoa nyua. Waling'oa matawi kwa midomo yao. Miiba iliwachoma ndimi, na hakuna aliyelalamika. Mikeka waliichoma moto, na harufu ya ukindu ikakaa mbugani siku nyingi. Mzee Nyati alikwenda kwa mama yake Marembo na mzigo wa majani mabichi, kama alivyozoea kuwapelekea wafiwa. Alifika karibu, akautua mzigo, akauinua tena, akarudi nao.

Vijana wa pundamilia bado huruka. Waangalieni mkipita mbugani. Huruka vichuguu wakitaka, wasipotaka huvizunguka, na hakuna anayewaimbia.

Na Twiga? Tangu siku hiyo hajasema. Wako wanaodai Mungu alimnyang'anya sauti. Mimi niliambiwa sauti ipo, ila kila akifungua kinywa, neno la kwanza analolikuta ni lile la zamani, akakifunga. Na akitaka kunywa maji hutanua miguu, huku na huku, akainama vilevile kama siku ile. Mkimwona, msimcheke.

Funzo lake nalisema wazi. Kichuguu, Marembo alikichagua mwenyewe. Ua ulichaguliwa na waliokaa. Furaha ya anayeruka haimpi aliyeketi ruhusa ya kuupandisha. Na anayeshona mkeka kabla ya anguko asiseme hakujua.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya ua wa mwisho. Inukeni taratibu, mkunje mkeka mliokalia.