Video Inasubiri Wi-Fi

Kuazima si aibu. Aibu ni kuazima cha mwenzio ilhali chako umekipuuza. Kishiwa wa kijiji cha Zombo aliambiwa hivyo tangu utotoni, ila kuambiwa na kusikia ni mambo mawili.

Kambi mpya ya watalii karibu na Mikumi ilitafuta waongozaji. Kila mwombaji alitakiwa kutuma video akieleza habari za wanyama, mwisho Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kishiwa alikuwa ametafuta kazi miaka mitatu, akiambulia patupu. Hii aliitaka kwa udi na uvumba.

Video ilikuwa nzito. Mama yake, Paulina, akamshauri, "Mwanangu, uza yule jogoo, ununue bando lako la intaneti."

"La nini, mama? Kaka Peter kanipa nywila ya Wi-Fi ya hoteli anakofanya kazi. Nimeipanga simu itume yenyewe ikifika pale tu. Bure kabisa!"

"Kwani hoteli ni ya Peter?"

Kishiwa akacheka. Peter alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, angemwangushaje? Jumatano alipita nje ya ukuta wa hoteli, vyeti vyake vya maombi vikaenda vyenyewe; video alikuwa bado anairekebisha. Kichwa kikamvimba.

Ijumaa saa tisa alishuka kwenye bodaboda palepale, na video yake. Simu ikaandika: Inasubiri Wi-Fi. Akasogea kushoto, akasogea kulia. Akaizima, akaiwasha. Inasubiri Wi-Fi. Mlinzi akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Akampigia Peter mara nne, ndipo akapokea.

"Pole, mdogo wangu. Wageni wamelalamika mtandao ni mzito, meneja kabadilisha nywila asubuhi. Hata sisi wafanyakazi hatunayo."

"Ungeniambia, kaka!"

"Ningejuaje kama bado hujatuma?"

Saa kumi na nusu alikimbilia dukani, akanunua bando kwa nauli ya kurudia nyumbani. Akaketi kizingitini, akasimama, akaketi tena. Video haikusogea. Zilipobaki dakika kumi ndipo alipokumbuka: mwenyewe aliiagiza simu isitume kitu bila Wi-Fi, nayo ilikuwa ikimtii. Akaiondoa amri ile. Asilimia kumi. Arobaini. Sabini na moja. Saa kumi na moja ikatimia, ukurasa wa maombi ukafungwa.

Simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imekwenda?"

Machozi yakamtoka. Alimkasirikia Peter, akamkasirikia meneja, kisha hasira ikamrudia mwenyewe. Peter alimpa alichokuwa nacho, na hoteli ilifunga mali yake.

"Haikwenda, mama. Wamebadilisha nywila."

Paulina hakumkaripia, sauti yake ilikuwa ya huruma tupu.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini."