Kaseti Iliyopakwa Majivu

Hapo zamani za kale, wanangu, ila si kale sana, maana umeme ulikuwa umeshafika porini, wanyama walikuwa na banda moja la gemu na televisheni moja.

Mwenye banda alikuwa Mzee Tembo. Kutwa alikaa mkekani na rafiki yake, Mzee Kifaru, wakicheza gemu ya tangu utoto wao, Nyoka Mla Mayai. Kaseti yake ilijaa vumbi, kwa hiyo kabla ya kuichomeka Tembo aliipuliza kwa mkonga. Fuuuu! Ndiyo desturi ya banda: asiyepuliza, hachezi.

"Hii ndiyo kazi bora!" alisema Tembo.

"Za siku hizi ni uji bila sukari," akaitikia Kifaru.

Kindi akabisha hodi. Mkononi alikuwa na kaseti mpya. Masika nzima alikuwa akiitengeneza gemu hiyo.

"Shikamooni, babu zangu. Naomba muijaribu."

"Marahaba. Mbona inang'aa hivyo?" Tembo alikunja uso. "Haifai."

"Hujaicheza, babu!"

"Nimeiona, yatosha. Kesho jioni kaseti zote mpya zinakwenda shimoni. Banda limejaa takataka."

"Takataka ni huyo nyoka wenu!" Kindi alifoka. "Kushoto, kulia, kushoto, kulia! Hata konokono anamuweza!"

"Toka!"

Kindi akatoka mbio. Masika nzima, iishie shimoni?

Alipofika kwao akaitazama kaseti, akalitazama jiko la mama yake. Akacheka peke yake. Akachota majivu, akaipaka kaseti mpaka ikawa kama imefukuliwa kaburini.

Asubuhi akarudi, mpole kama maji ya mtungini.

"Babu, nimeokota hii ghalani kwa marehemu bibi."

"Hebu!" Tembo aliidaka. "Ona uzee huu!"

"Aaa! Naikumbuka!" Kifaru aliruka. "Niliicheza nikiwa ndama!"

Fuuuu! Majivu yakaruka. Chyaa! Kifaru akapiga chafya.

Wakacheza. Mto ukafurika, daraja likavunjika, wazee wakapiga kelele. "Ruka! Ruka, mzee mwenzangu!" Chakula cha mchana kikapoa. Kila waliposhindwa, Tembo aliichomoa kaseti, akaipuliza, fuuuu, akaanza upya.

"Hawatengenezi tena vitu kama hivi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Kazi bora!"

Akapuliza tena. Majivu ya mwisho yakapeperuka. Kaseti ikang'aa, ng'aa!

Tembo akaigeuza kaseti huku na huku.

"Kindi," Tembo aliita polepole. "Hii si ile ya jana?"

"Ndiyo hiyo, babu."

"Lakini mimi naikumbuka..." alinong'ona Kifaru.

Tembo akacheka mpaka makuti ya paa yakatikisika. "Umetupata! Haitupwi shimoni, wala hazitupwi nyingine. Sasa niambie, mjukuu wangu. Nyoka Mla Mayai umewahi kumcheza?"

Kindi akatazama kucha zake. "Bado."

"Kaa hapa. Puliza."

Fuu! Kindi akapuliza, akacheza. Nyoka akala yai, akarefuka, akajigonga mkiani mwake. Kindi akaanza tena. Na tena.

"Kindi!" mama yake aliita nje. "Chakula tayari!"

"Kidogo tu, mama! Yai moja!"

Nasikia mpaka leo anaitwa. Nanyi mkumbuke, wanangu: onja mchuzi kwanza, ndipo ukisifu chungu au ukikashifu.