Jina Halipimwi kwa Kibaba

"Jina halipimwi kwa kibaba." Mmemsikia Bi Kaije akimwambia mwanawe hivyo, nanyi mmeniganda tangu asubuhi mkitaka kujua usemi huu umetoka wapi. Haya, kaeni, wala msinikatize. Methali hii ilianza hivi.

Zamani huko Pemba, msimu wa karafuu, ukungu ulikuwa ukishuka mpaka juu ya majamvi ya kuanikia, na harufu ikimfanya mtu atembee kama yumo usingizini. Hapo aliishi Zume, mjane msuka mikeka. Kazi ya kutia ukindu rangi katika maji ya moto ilikuwa imemchuna ncha za vidole, zikawa na mabaka meupe.

Jirani yake, Shaame, alimposa akakataliwa kwa adabu. Likamkaa rohoni. Siku moja akasema barazani, "Vidole vile ni ukoma. Mimi simo."

Neno likatambaa taratibu, nyumba hadi nyumba. Mikeka ya Zume iliendelea kununuliwa, maana wanunuzi walitoka mbali. Lakini kwenye harusi, alipokaa kula na wenzake, mikono ikaondoka siniani mmoja baada ya mwingine. Akaachiwa wali wote. Hakula. Aliinuka akaenda kushtaki kwa Mzee Faki, mkubwa wa mji.

Shaame alipoitwa hakuona kosa. "Kwani kapoteza nini? Mikeka si inauzwa? Alete hasara yake, nami nitampimia mchele kwa kibaba."

"Tule kwanza," alisema Mzee Faki.

Masinia yakaletwa. Mzee akawanong'oneza wanaume, kisha akamweka Shaame kwenye sinia lake peke yake, katikati ya watu. Hakuna aliyemsogelea.

"Kula, mwanangu."

"Peke yangu, mzee?"

"Una wali wa watu watano. Umepungukiwa nini?"

Shaame akamega tonge, akalirudisha siniani. Akatazama migongo ya jamaa zake, machozi yakamlengalenga. "Hiki nilichopungukiwa hakipimiki, mzee," alisema.

"Basi kaliseme hilo pale ulipolisema lile."

Akaenda barazani akakiri kwamba alisema uongo kwa kuwa alikataliwa. Jioni wanawake wakapeleka sinia kwa Zume, wakala naye. Nasikia alikula kidogo tu. Muda wote alikuwa akiitazama mikono yao, kama itaondoka tena.

Sasa mtoto wa Bi Kaije anasema mtu aliyesengenywa naye hajapoteza hata shilingi. Ndiyo maana mamake akamjibu: jina halipimwi kwa kibaba.