Ngumi Bila Sauti Haina Ndugu

"Ngumi bila sauti haina ndugu." Mmemsikia mama yenu akiyasema maneno hayo leo asubuhi, mkacheka, kisha mkanijia hapa kuuliza tangu lini ngumi ikawa na ndugu. Haya, kaeni. Methali hii haikutoka kwa wahenga wa kale kama mnavyofundishwa shuleni. Ilianzia hapahapa Makambako, mbele ya macho yangu, na ingekuwa heri kwangu kama ingeanzia kwingine.

Siku hizo nilikuwa na chumba cha kufumia masweta ya shule, pale kwenye baraza inayotazamana na uwanja wa mpira. Nilikuwa na mashine tatu, na mojawapo aliitumia Edina Tweve, binti wa miaka ishirini na minne. Mikono yake ilikuwa myepesi. Sweta ambalo mimi nililihangaikia tangu asubuhi mpaka jioni, yeye alilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mdomo ndio uliokuwa mzito. Alilelewa na bibi yake huko Makete, katika nyumba ambayo mtoto wa kike akisikika sauti mpaka kwa jirani, alichapwa. Mimi nilimtania nikimwita bubu wangu; yeye aliyeniita Baba Mahenge alitabasamu tu akaendelea na kazi.

Kulikuwa na kijana mmoja aitwaye Gaudensi, mpakiaji wa mbao, aliyepeleka posa kwa Edina ikakataliwa. Mwanamume mwenye haya akikataliwa huenda zake. Huyu hakwenda. Kila siku alipita na pikipiki yake mbele ya baraza, taratibu, bila kumsalimu mtu. Mwishowe alimvizia Edina njiani akamwambia kwamba, atake asitake, iko siku atampakia kwenye pikipiki hiyo ampeleke kwao kijijini, na akishalala huko usiku mmoja, bibi yake ataipokea mahari mwenyewe bila ya kubembelezwa.

Edina aliniambia mimi peke yangu. Tangu siku hiyo, pikipiki yoyote ikipita, mkono wake ulisita. Kama mngejua kufuma mngeelewa ninachosema: mkono ukisita, uzi unaacha tundu. Masweta ya mwezi ule yalijaa matundu, na mengi tuliyafumua tukaanza upya. Alikonda. Alikuwa akiulizia saa kila mara, na jua likianza kushuka alihamisha kiti chake ili asiupe mlango mgongo.

Nami nilimshauri nini? Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia mambo kama hayo binti akiyatangaza, watu watasema yeye ndiye aliyempa kijana sababu, na kwamba akivumilia yatapita. Nilijiona mtu mzima mwenye busara.

Wakati huohuo alihamia hapa mwanamke mmoja kutoka Dodoma, jina lake Zamoyoni, ambaye mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli. Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mbeba magunia, na ujanani mwake aliwahi kupigana ulingoni. Akaanza kufundisha pale uwanjani ngumi na mateke, mchezo ambao wenyewe waliuita kikiboksi, saa kumi na moja jioni. Mwanzoni walikuja mama watatu wa sokoni walioambiwa na daktari wapunguze mwili kwa sababu ya presha. Tuliwacheka mpaka mbavu zikauma. Baada ya mwezi mmoja mama wale wakawa wanapanda kilima cha kanisani bila kupumzika, nasi tukaacha kucheka. Wengine wakajiunga, hata wanaume. Waliposhindana wawili wawili walivaa kofia ngumu za kukinga kichwa, hata ukiwa barazani hukuweza kujua yupi ni nani. Tukazoea. Ukiinua macho ukamwona mtu anapigwa teke la mbavu uwanjani, uliyarudisha macho kwenye kazi yako. Mazoea hayo ndiyo yaliyotuponza.

Edina naye akajiunga. Wenzake walitafuta afya. Yeye alitafuta kujua atafanya nini siku hiyo ikifika, maana hakuwa na shaka kwamba itafika. Kwa miezi mitatu hakukosa hata siku moja. Alijifunza kusimama, kukwepa, kupiga na kurudisha mguu chini upesi kabla haujakamatwa. Lakini Zamoyoni alikuwa na sharti lake: kila pigo litoke na neno. Ukipiga, sharti upaze sauti, "Toka!" Wenzake walipaza. Edina alichezesha midomo tu. Siku moja Zamoyoni alimsimamisha mbele ya wote akamuuliza anampiga nani kimyakimya hivyo, au anaogopa kumwamsha. Wenzake wakacheka. Edina akainamisha uso, na siku iliyofuata akapiga kimya vilevile.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano. Edina aliniaga mapema kidogo, akavuka barabara akaingia uwanjani. Zamoyoni alikuwa bado hajafika, wala wenzake. Nilirudi kwenye mashine yangu. Nilipoinua macho, niliona watu wawili wanapigana karibu na goli la upande wa pili: Edina, kwa sweta lake jekundu, na mtu mwenye kofia ngumu kichwani. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa nyuma ya goli. Niliiona, wallahi niliiona, na sikuifikiria.

Alikuwa akipiga vizuri ajabu. Aliachia kushoto, akaachia kulia, akamtia teke la paja hata yule mtu akayumba. Majirani zangu wa barazani wakasimama kutazama. Mmoja akasema leo wameanza mapema. Nami niliacha mashine, nikatoka mpaka ukingoni mwa baraza, nikapiga makofi. Naam, mimi babu yenu nilipiga makofi. Nilisema kwa sauti, "Piga, binti, piga!" Watu wakacheka.

Yule mtu akamkamata shingoni kwa sweta akaanza kumburuta kuelekea kwenye pikipiki. Nikadhani wanafundishana namna ya kujinasua. Kisha Edina akageuza uso akanitazama mimi, moja kwa moja, kutoka kule golini. Nikampungia mkono.

Niliona mdomo wake ukifunguka, usitoke kitu. Ukafunguka tena. Yule mtu alikuwa amekwisha kumfikisha kwenye pikipiki, na mkono mmoja ulikuwa unatafuta ufunguo.

"Baba Mahenge!" Ilitoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia maishani mwangu. "Si mazoezi! Baba, si mazoezi!"

Tulikimbia wote, wa barazani na wa sokoni, na wachukuzi wa mizigo wakatupita kwa mbali. Gaudensi alimwachia Edina, akajaribu kuwasha pikipiki, ikamgomea. Wachukuzi walimshika, na wangemmaliza palepale kama Zamoyoni asingetokea na mkoba wake begani akasimama katikati. Akapelekwa polisi akiwa mzima.

Edina tulimkuta amekaa kwenye nyasi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimevunjika, maana alipiga bila glovu, na ile kofia ya pikipiki ilikuwa ngumu. Ndiyo mikono aliyofumia. Zamoyoni alipiga magoti akaanza kuvifunga vidole kwa kitambaa. Nilisimama pale, na kwa kuwa hakuna aliyeniuliza kitu, nikajitetea.

"Nilidhani ni mazoezi," nilisema. "Alikuwa anapiga kama siku zote. Kimya."

Zamoyoni hakuinua kichwa. "Ngumi alizipiga vizuri, mzee. Lakini ngumi bila sauti haina ndugu. Nimemwambia kila siku apaze sauti. Sijui ni nani aliyemfunga mdomo."

Edina alivitazama vidole vyake. Kisha akasema, kwa upole uleule wa siku zote, "Nilitaka kupiga kelele tangu aliponishika mkono, baba. Nikakumbuka ulivyoniambia watu watasema."

Hakunilaumu. Alinieleza tu, kama mtu anavyoeleza uzi ulikatikia wapi. Ningependa anitukane.

Vidole vilichukua miezi miwili na nusu kupona, na kidole kimoja hakikunyooka tena, ingawa alirudi kufuma. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani baada ya ibada nikasimulia yote, pamoja na makofi yangu, na pamoja na ushauri nilioutoa. Mke wangu hakusema nami siku tatu. Lakini ndivyo maneno ya Zamoyoni yalivyotoka uwanjani yakaingia majumbani, na sasa hata mama yenu, ambaye wakati huo alikuwa hajaolewa, anayatumia kana kwamba yaliachwa na mababu.

Watu wengi waliyachukua nusu tu. Waliwafundisha binti zao kupaza sauti, na walifanya vyema. Nusu ya pili hawaipendi, kwa sababu inawahusu wao. Sauti ya Edina haikupotelea uwanjani. Ilipotea miezi mingi kabla, ndani ya chumba changu, mchana, akiwa ananiambia mimi shida yake na mimi nikimrudishia mdomoni. Ndugu alimpata mapema kabisa. Ndugu huyo ndiye aliyemnyamazisha.

Kwa hiyo mtu akija kwenu na jambo la kumtia hofu, msimwambie yatapita. Simameni naye siku hiyohiyo, angali anaweza kunong'ona. Mkingoja mpaka apige kelele, huenda mkawa mnapiga makofi, kwa maana ngumi bila sauti haina ndugu.