Sauti Tano, Vidole Vinne

Hapo zamani, kiwanda cha katani kilipokuwa na bendi yake, palikuwa na mpiga gitaa akiitwa Tunu. Alipiga rithimu, tena vizuri, mpaka kiongozi wa bendi alipoleta wimbo wenye kodi ya tisa. Kodi ni sauti kadhaa zinazolia kwa pamoja, na hii ilitaka tano. Tunu alikuwa na vidole vinne vya kubana nyuzi. Akabana, vikapigana vikumbo, gitaa likakoroma.

"Jumamosi usipoipiga," kiongozi alimwambia, "nafasi yako nampa mwingine."

Maskini Tunu! Bila bendi ile angekuwa nani?

Akaenda kwa shangazi yake Eliwaza, mwalimu wa kwaya.

"Mwanangu, unakariri vidole tu, hujui kodi inavyojengwa," shangazi akamcheka. "Imba ngazi ya do, re, mi. Shika moja, ruka moja."

Tunu akaimba: do, akaruka, mi, akaruka, so, akaruka, ti, akaruka, akatua kwenye re ya juu. Moja, tatu, tano, saba, tisa.

"Kumbe ni hivi tu, shangazi!"

Akaelewa. Lakini vidole vilibaki vinne.

Akaenda kwa Mzee Kilua, aliyepiga gitaa miaka mingi baada ya mashine ya katani kumkata kidole.

"Mimi nilikuwa na vitatu, na watu walicheza," mzee alisema. "Iache so, ile ya tano. Masikio hayataiulizia."

Akaiacha, zikabaki nne. Lakini do ilikuwa mbali, na mkono wa Tunu mdogo.

Jumamosi yenyewe akamwendea Sefu, mpiga besi.

"Dada, hiyo do niachie mimi," Sefu akasema. "Hapo ndipo huwa natamba, wananipigia makofi. Leo nitasimama palepale kwenye do."

Wimbo ukaanza. Tunu akabana mi, ti na re. Sefu akatia do chini yake. Kodi ikafunguka, tamu kweli! Kiongozi akafumba macho, akatikisa kichwa kwa raha.

"Nafasi ni yako."

Tunu akashusha pumzi, akacheka, machozi yakamtoka.

Sasa, bendi ile ilikuwa na desturi: aliyefaulu humtaja mtu mmoja aliyemsaidia, katika ubeti wa mwisho. Mmoja tu, kwa kuwa mstari ni mfupi.

"Ni mimi," alisema Eliwaza, aliyekuja kusikiliza pamoja na Mzee Kilua. "Asingejua so ni ipi, angeacha nini?"

"Kujua hakubani nyuzi," alisema Mzee Kilua. "Mzigo nimemtua mimi."

"Nyie mmesema tu," alisema Sefu. "Mimi nimepiga, na makofi yangu nimeyakosa."

Ubeti wa mwisho huo unafika. Tunu amesogea kwenye maikrofoni, uso bado una kicheko, anawatazama wote watatu. Kuacha sauti amefundishwa. Kuacha mtu, nani alimfundisha?

Haya, ninyi mnaonisikiliza: amtaje nani?