Panya Chonjo na Kinasaba cha Daktari Fisi

"Mpo?"

"Tupo, lete!"

"Niilete mbichi?"

"Ilete inafuka!"

Basi kaeni sawa. Tangu niiache shule sijaona mwalimu wa kunishinda kwa hadithi.

Wanyama walijenga maabara ya kutafuta vinasaba, vile vijidude vya mwilini vinavyomfanya twiga awe twiga na mbu awe msumbufu. Desturi yao ilikuwa hii: anayegundua kinasaba hukipa jina alipendalo, haulizi kama kimeshapewa jingine. Na panya mwenye kinasaba hicho huwa mali ya mgunduzi.

Simba aligundua kimoja, akakiita Nguvu, akaenda zake kulala.

Daktari Fisi, tumbo linalipita koti, akakichukua kilekile. Akabandika karatasi, pa! Akakiita Shibe. Akachukua panya kizimbani, nyuma ya pazia, kacha kacha. Akabandika nyingine, pa! Akakiita Mwendo. Panya mwingine, nyuma ya pazia, kacha kacha. Jina jipya, mlo mpya.

Zamu ikamfikia Chonjo, kipanya cha kukaa kiganjani. Huyu ndiye mtu wangu. Hakulia. Alimwomba daktari amwite Simba aje aone ugunduzi mpya, na Fisi, kwa kupenda sifa, akamwita mwenyewe.

Simba akaja, akaketi. Chonjo akampa shikamoo yake, kisha akamgeukia Fisi.

"Daktari, hiki kinasaba chako ndicho kile cha mzee, au ni kingine?"

Fisi akapiga hesabu. Akisema ni kilekile, basi panya wote aliowala walikuwa wa Simba.

"Ni kingine kabisa," akasema.

"Basi mimi sinacho. Nina cha mzee tu. Chungulia."

Fisi akainamia hadubini, akatafuta weee. Kilikuwepo kimoja tu. Simba naye akachungulia, akakitambua.

"Ndicho hiki hiki," Simba akasema taratibu. "Sasa Daktari, panya wangu wengine wako wapi?"

Fisi akaliacha koti, kwatu kwatu kwatu, mpaka leo hajageuka. Simba panya hamlambi hata kwa dawa, hamtoshi jinoni. Akavunja kizimba, wakatoka panya wote waliosalia.

Funzo: mkubwa akisema jambo, wewe mdogo nyamaza. Chonjo hakunyamaza, na mwoneni alivyonenepa.

Yangu imeishia hapa. Anayeiona fupi akairefushe kwao.